Figo mpya, sukari mpya: maongezi ya Jumamosi na ndugu wa wagonjwa wa figo, Nyakato, Mwanza

Mwangaluka jamani. Waliokaa nyuma sogeeni basi, spika hii inakoroma. Mimi ni nesi, nimekaa na wagonjwa wa figo miaka kadhaa, na leo nimeombwa nijibu swali moja ambalo mnaniuliza kila siku korido: mtu hakuwa na kisukari maisha yake yote, kapewa figo, karudi nyumbani mzima, baada ya miezi mitatu anaambiwa ana sukari. Imetoka wapi? Wengine wanasema kaipata kwa aliyempa figo. Hapana. Figo haileti kisukari. Mara nyingi zinazosukuma sukari ipande ni zile dawa zinazoilinda figo, tena zinamsukuma zaidi mwenye umri mkubwa, mwenye kitambi au mwenye kisukari kwenye ukoo.

Kwanza tuelewane kwa nini anazimeza. Mwili una askari wake, wakiona figo ya mtu mwingine wanaona mgeni, wanaipiga. Ile figo ya kwanza iliyokubali vizuri, Boston mwaka 1954, walikuwa mapacha wa kufanana kwahiyo askari hawakushtuka. Sisi wengine hatuna pacha. Hata tangu Muhimbili waanze kupandikiza Novemba 2017 na Dodoma wakafuata, anayetoka pale anatoka na mfuko wa dawa za kushusha kinga, na anameza muda wote figo hiyo ikiwa inafanya kazi.

Sasa kuna mbili nataka mzijue kwa majina, takrolimusi na prednisoloni. Takrolimusi ilitoka kwa bakteria wa kwenye udongo huko Japani, miaka ya themanini (udongo jamani, huu tunaoukanyaga). Inachofanya ni kuzima kitu kinaitwa kalsinyurini ndani ya hao askari, wanalala. Shida ni kwamba kongosho, kiwanda chako cha insulini (ile inayoshusha sukari kwenye damu), nacho kinatumia kalsinyurini hiyohiyo. Ni kama umezima fyuzi ya sebuleni ili redio inyamaze kumbe friji ya jikoni iko laini moja, samaki wote wakaoza. Insulini inatoka kidogo. Siklosporini nayo iko familia hiyo ila kwa sukari ni mpole kidogo kuliko takrolimusi.

Prednisoloni inakuja kwa mlango mwingine. Hii inafanya insulini iliyopo isisikilizwe, misuli haipokei sukari, halafu ini linaambiwa litengeneze nyingine wakati hata hujala. Na inaongeza hamu ya kula, mtu anamaliza sahani ya ugali anaulizia iliyobaki. Zikiwa pamoja, huyu anapunguza insulini, yule anaifanya isisikike, sukari lazima ipande.

Hapa ndo nataka nikae kidogo. Kuna baba mmoja wa Ukerewe, alikuwa anakuja na kaunta buku kaandika sukari yake kila siku saa kumi na mbili asubuhi kabla hajala: 5.4, 5.1, 5.6, mwandiko mzuri kuliko wangu. Kliniki wanaangalia, wanasema safi, nenda. Ila mkewe akaniambia nesi, huyu akipanda meli saa nane anabeba dumu la lita tano la maji na likifika Nansio limeisha, na usiku anaamka kukojoa mara nne. Nikamwambia baba, leo pima saa kumi jioni. Ikasoma 15.8.

Hakudanganya kwenye buku. Prednisoloni akimeza asubuhi inapandisha sukari mchana kwenda jioni, usiku inashuka, alfajiri unakuta iko sawa kama vile hakuna kitu. Tulikuwa tunampima saa ambayo mwizi kashalala. Daktari wake akapunguza prednisoloni kidogokidogo, akamwanzishia insulini ya asubuhi, dumu likaisha.

Nyie wa nyumbani msijipunguzie. Kuna kijana alisikia takrolimusi inaleta sukari akawa anameza nusu, hakumwambia mtu, mwili ukaikataa figo na sasa yuko kwenye mashine ya kusafisha damu tena mara tatu kwa wiki. Dozi inabadilishwa na daktari akishaona kipimo cha takrolimusi kwenye damu, na siku ya kipimo hicho takrolimusi ya asubuhi usimeze mpaka damu itolewe. Halafu balungi acheni kabisa, linapandisha takrolimusi kwenye damu. Na ukiandikiwa dawa ya fangasi au ya TB sema kabisa una figo ya kupandikizwa, zile za fangasi nyingi zinapandisha takrolimusi, rifampisini ya TB inaishusha.

Mama pale mbele kaniuliza michembe. Mama, michembe ni viazi, viazi ni wanga, sikukatazi maana najua hata wewe utakula, ila kipande kama kiganja na sato na mboga za majani, siyo sufuria nzima na chai ya sukari vijiko vinne halafu uniambie sukari imepandishwa na dawa.

Haya, mashine ya sukari ninayo hapa na vijiti vinatosha watu ishirini. Saa hizi ni saa tisa kasoro, ndo muda wenyewe. Waliopandikizwa waanze, na mwenye kaunta buku aje nayo.