Mafagio Yanaenda Wapi?

SHIJA: Mtani, leo umekuja studio umenuna, na wasikilizaji wa redio wanatusubiri. Hata chai hujaigusa.

MWAJUMA: Niache, Shija. Jumapili saa tatu usiku mwanangu kashapanda kitandani, anainuka: "Mama, kesho kila mtu aje na fagio la chelewa." Saa tatu usiku!

SHIJA: Waliambiwa lini?

MWAJUMA: Ijumaa. Kasahau. Sasa analia, eti asiye na fagio atachapwa. Nikajitanda khanga, nikaizunguka Mbagala duka kwa duka. Mafagio ya plastiki tele, ya chelewa hakuna. Mwisho mama mmoja wa samaki wa kukaanga akaniuzia la kwake, analofagilia genge. Elfu mbili, na linanuka vibua.

SHIJA: (anacheka) Mtoto wa Kizaramo kaingia darasani ananuka vibua!

MWAJUMA: Cheka, Msukuma wewe. Ila nijibu. Shule ina watoto zaidi ya elfu moja. Kila wakifungua, kila mtoto fagio moja. Yanaenda wapi?

SHIJA: Yanachakaa.

MWAJUMA: Mafagio elfu? Uwanja wenyewe ukisimama huku unamsikia wa kule akipiga chafya.

SHIJA: Haya, mada ya leo ni elimu na nafasi yake katika jamii. Nimeandaa mambo manne. La kwanza...

MWAJUMA: La kwanza ndiyo hilo. Ada ya msingi ilifutwa 2001. Sekondari za serikali, hadi kidato cha nne, wakafuta 2016. Tunaambiwa elimu bure. Mimi nalipa fagio, nalipa uji, nalipa mitihani ya Jumamosi. Naomba kujua fagio langu liko wapi.

SHIJA: Labda kuna stoo.

MWAJUMA: Stoo nimeiona siku ya kikao cha wazazi. Ina dawati bovu na ngoma ya skauti.

SHIJA: Basi yanauzwa sokoni. Muhula ujao unalinunua fagio lako mwenyewe.

MWAJUMA: Nitalijua kwa harufu!

SHIJA: (wanacheka) Subiri, niseme la kweli. Mimi fagio nalitetea.

MWAJUMA: Nilijua.

SHIJA: Nisikilize. Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, alitaja kwamba asilimia 13 tu ya watoto wa msingi ndio wangepata nafasi sekondari. Lakini shule ya msingi nzima ilikuwa inawaandaa kwa sekondari! Wengine wote wanarudi nyumbani wanajiona wameshindwa, na jembe wanaliona la washamba. Akasema shule iwe na shamba, watoto wafanye kazi, wasiwe mabwana wadogo wa kufagiliwa.

MWAJUMA: Na hapo ndipo mlipopata leseni.

SHIJA: Leseni gani? Sisi kule Maswa tulikuwa na shamba la pamba. Kupalilia, kuvuna, kuchagua pamba safi na fifi, ile ya daraja la chini. Mpaka leo nikishika pamba gizani nakwambia ipi ni ipi.

MWAJUMA: Pesa ilikwenda wapi?

SHIJA: Tulinunuliwa mpira.

MWAJUMA: Ekari ngapi?

SHIJA: ...Tatu.

MWAJUMA: Ekari tatu za pamba, mpira mmoja! Shija, huo mpira umekaa pamoja na mafagio yangu.

SHIJA: Ulikuwa mpira mzuri.

MWAJUMA: Mwalimu Nyerere huyo huyo alitaka wanafunzi washiriki kuamua mambo ya shamba lao. Nyie mliulizwa? Mimi Temeke nilikuwa nabeba kidumu cha lita tano, kila asubuhi. Nilidhani ni maji ya kumwagilia maua. Maua hayakuwepo! Maji yalikuwa yanaishia nyumbani kwa mwalimu. Siku za zamu yetu tunamfulia kabisa. Hiyo kujitegemea anajitegemea nani?

SHIJA: Huyo mwalimu alikosea. Kosa lake lisiuue wazo. Bibi yangu hakukanyaga shule. Ulipoanza ule mradi wa kisomo chenye manufaa kule Kanda ya Ziwa, 1968, kwa msaada wa UNESCO, alikuwa na watoto watano. Vitabu vyenyewe vya kujifunzia kusoma vilikuwa vinahusu kilimo cha pamba, kuna vya uvuvi, kuna vya migomba. Anajifunza herufi na kilimo kwa wakati mmoja. Msimu wa kuuza, karani anapima pamba, bibi anainamia mizani, anasoma kilo mwenyewe kwa sauti. Karani akitaja pungufu, foleni nzima inasikia. Hiyo ndiyo elimu ninayoizungumzia, kichwa na mkono pamoja.

MWAJUMA: Bibi yako nampa heshima zake. Lakini alikwenda mwenyewe, mtu mzima, na pamba ilikuwa yake. Alisoma ili asiibiwe. Sisi tulikuwa tunaibiwa ndani ya shule.

SHIJA: Unatia chumvi. Je, kampeni ya Mtu ni Afya, 1973? Watu wanakaa vikundi vikundi kwenye redio, wanasikiliza somo, wakitoka hapo wanachimba vyoo. Somo na jembe.

MWAJUMA: Vyoo vya nani?

SHIJA: Vyao.

MWAJUMA: Asante.

SHIJA: Asante ya nini? Na darasa analosomea mwanao si lake?

MWAJUMA: Lake, na alifagie. Mafagio kumi yanatosha, yawekwe shuleni, kwa zamu. Lakini mtoto kuchapwa kwa sababu mama yake hakupata chelewa usiku, unamfundisha nini? Kuogopa. Na mtoto wa bosi analetwa na gari, fagio kanunuliwa na dereva. Huyo kajifunza kazi gani?

SHIJA: Akifika analishika na wenzake. Ukiliondoa fagio, kesho wazazi mtaambiwa mchangie mshahara wa mfagiaji. Na mwanao atamaliza kidato cha nne hajui kushika kitu chochote isipokuwa simu.

MWAJUMA: Afadhali ajue kusoma mkataba kuliko kufagia vizuri.

SHIJA: Kwa nini asijue vyote?

MWAJUMA: Kwa sababu siku ina saa zake! Kipindi cha kwanza mtoto yuko kisimani, cha mwisho yuko shambani. Hisabati anaisoma saa ngapi?

SHIJA: Mimi nilisoma hisabati.

MWAJUMA: Ekari tatu, mpira mmoja. Hisabati gani hiyo?

SHIJA: (kimya kidogo) Hatutaelewana leo.

MWAJUMA: Hatutaelewana.

SHIJA: Na fundi ananionyesha vidole viwili. Dakika mbili, na sijagusa hata jambo moja kati ya yale manne.

MWAJUMA: Yasome mbio mbio.

SHIJA: Elimu na uchumi, elimu na afya, elimu ya mtoto wa kike... haiwezekani, hilo la tatu peke yake nimeliandikia kurasa mbili.

MWAJUMA: Yapige picha, uwarushie wasikilizaji.

SHIJA: Kwa mwandiko huu? Watadhani ni cheti cha daktari.

MWAJUMA: Basi kabla hatujafunga tamka moja tu, kwamba mtoto asichote maji ya nyumbani kwa mwalimu.

SHIJA: Nitatamka ukitamka shamba la shule lirudi.

MWAJUMA: Sitamki.

SHIJA: Nami sitamki. Fundi, zima.