Kinyonga Shambani: Kupima Unyevu wa Udongo kwa Gharama Nafuu

Ndugu Mwenyekiti, wahadhiri wenzangu, maafisa ugani na wakulima mliofika,

Kabla ya kueleza chombo chochote, naomba tuanze na kiganja. Mkulima wa nyanya anayetaka kujua kama shamba lina kiu huchota udongo wa juu, huufinya, na ukimomonyoka vidoleni hufungulia maji. Kwa tabaka la juu hukumu hiyo ni sahihi, lakini mizizi inayokunywa iko chini zaidi, na ukichimba kwa jembe hadi sentimita 30 mara nyingi unakuta udongo bado unashikamana kama unga uliokandwa.

Vihisi vya bei ya chini kabisa, vile vya miguu miwili ya chuma, hupima jinsi umeme unavyopita udongoni. Sivipendekezi. Chuma huliwa na kutu upesi, na ukishatia mbolea ya chumvichumvi umeme hupita kwa urahisi zaidi, hata chombo kikadai shamba limelowa ilhali halijalowa. Zaidi ya hayo, kujua asilimia ya maji peke yake hakumsaidii sana mkulima, kwa sababu mfinyanzi wenye asilimia 25 unaweza kuuacha mmea ukinyauka, wakati kichanga chenye asilimia 15 tu kinaunywesha vizuri. Swali la maana ni mmea unatumia nguvu kiasi gani kuyavuta maji hayo.

Hapo ndipo ninapomleta kinyonga. Chombo hiki kilibuniwa Australia, katika taasisi ya utafiti ya CSIRO, na kikaitwa Chameleon, jina ambalo kwetu si la sifa, maana kinyonga tunamwita kigeugeu. Vihisi vyake vimezungukwa na jasi, ambayo hupunguza athari ya chumvi, navyo hufukiwa kwenye vina tofauti, tuseme sentimita 20, 40 na 60. Mkulima akiunganisha kisomeo, kila kina huwasha taa yake: bluu, yaani udongo umelowa, ikiwa nguvu ya kuvuta maji haijafika kilopaskali (kipimo cha mvuto huo) 20 hivi, kijani kutoka hapo hadi 50, na nyekundu, yaani udongo umekauka, ikizidi. Kwa kuwa kinachopimwa ni nguvu hiyo, hakuna haja ya kukirekebisha chombo kwa kila aina ya udongo, wala mtumiaji halazimiki kusoma tarakimu.

Kuanzia mwaka 2013, mradi uliohusisha Msumbiji, Tanzania na Zimbabwe ulikipeleka chombo hiki kwa wakulima wadogo, na kwa upande wetu skimu za umwagiliaji zilizochaguliwa zilikuwa Kiwere na Magozi, mkoani Iringa. Pamoja nacho walipewa faneli ya kufukiwa, ambayo huinua kijiti maji yakifika kina chake na kuhifadhi kiasi kidogo cha maji hayo, yapimwe naitreti, yaani chakula cha mmea kinachotokana na mbolea kama urea, kwa karatasi inayobadilika rangi. Naiona faneli hii kuwa mwalimu mkali kuliko taa zote. Taa inakuambia kwamba chini kumelowa, lakini karatasi inakuonyesha urea uliyonunua kwa fedha yako ikiwa imeshuka na maji kwenda mahali ambapo mzizi haufiki. Wakulima wengi walipunguza mara za kumwagilia, na mavuno hayakushuka. Kwa wengi yalipanda.

Msidhani, hata hivyo, kwamba taa ya bluu inatosha kumfanya mtu aache maji yapite. Katika skimu ya mfereji maji huja kwa zamu, na mwenye zamu leo, hata akiona bluu kwenye vina vyote, hujiuliza kama wiki ijayo maji yatamfikia. Tena pale ada inapolipwa kwa ekari, anayetumia kidogo hapati nafuu ya shilingi. Anachookoa ni siku ya kazi, ambayo anaweza kuipeleka kwenye palizi au sokoni. Kwa hiyo, jumuiya ya watumia maji yenye uwezo wa kununua seti mbili tu ifukie moja karibu na banio, pale maji yanapoingia mferejini, na nyingine mwisho wa mfereji, katikati ya jaruba na si ukingoni, kisha vipimo vya sehemu zote mbili visomwe mbele ya wanachama kabla zamu hazijapangwa. Huko mwisho wa mfereji ndiko taa nyekundu huwaka kwanza, na mwenye shamba la huko anastahili kuwa na ushahidi mkononi anapoomba zamu ya jirani aliyeko juu.