Majani Haya Yana Mwenyewe: Siku Yangu Milimani Cogne

Wakubwa zangu shikamooni. Wadogo zangu hamjambo. Wa rika langu, mambo? Msinione nimejifunga kanga kichwani mkadhani nipo kihambani, shamba letu la nyumbani Marangu, Kilimanjaro. Ni baridi tu. Huu ni mwezi wa saba, saa mbili asubuhi, na nikisema "haa" mnaona moshi. Nipo Cogne, kijiji kidogo cha mkoa wa Valle d'Aosta, kule juu Italia inakopakana na Ufaransa na Uswisi. Kinaandikwa Cogne, kinasomwa Konye. Mwaka wa kwanza mimi nilikuwa nakisoma kama kilivyoandikwa, na dereva wa basi akawa ananiangalia tu.

Wanaonifuatilia wanajua naishi Torino na kazi yangu ni kutunza wazee. Wiki nzima ni vidonge, shuka na supu. Nikipata siku mbili za kupumzika napanda basi mpaka Aosta, halafu basi jingine la chini ya saa moja linalopinda pinda korongoni mpaka hapa. Nimelala hapa jana ili leo niwahi.

Ngoja nigeuze kamera. Mnaona nyumba zinapoishia? Uwanja wote huo wa kijani, hauna ukuta wala jengo, unakwenda mpaka miguuni mwa milima. Na kule mwisho, ile inayong'aa ni barafu ya safu ya Gran Paradiso, kilele chake mita 4,061. Haya majani yana jina lake, Prati di Sant'Orso, malisho ya Mtakatifu Orso. Wenyeji husimulia kwamba huyo mtakatifu ndiye aliyelisafisha bonde hili likaota majani.

Sasa niwape aibu yangu. Mwezi uliopita nilikuja hapa, majani yamefika magotini, maua ya njano na zambarau yamechanganyika humo humo. Nikaona hii ndiyo picha yenyewe. Nikatega simu kwenye jiwe, nikaingia katikati, nikaanza kuzunguka mikono hewani kama bibi harusi. Nikasikia mtu anafoka. Mzee, suruali ya mikanda ya mabegani, fimbo mkononi, anakuja kwa hasira. Nikajisemea haya, leo ni zile za rangi yangu. Nikakaza uso, nikajiandaa kumjibu.

Mzee alipofika wala hakunitazama usoni. Alikuwa anatazama viatu vyangu. Akanyoosha fimbo kwenye njia niliyoilaza kwa kuzunguka kwangu, akaonyesha zizi kule nyuma, halafu akatafuna hewa. Hivi, taratibu, taya linakwenda kushoto na kulia. Ng'ombe kabisa! Nilicheka mpaka yeye akashindwa kuendelea na hasira zake.

Mimi ni mjukuu wa mwanamke aliyekuwa anashuka tambarare kukata majani na kuyapandisha kichwani, kwa sababu kihambani migomba na kahawa imejaa na ng'ombe wako bandani. Ungekanyaga mzigo wa majani wa bibi yangu, ungetajiwa ukoo wako mpaka kwa waliokwisha kufa. Halafu mimi huyo huyo nimesafiri mpaka Ulaya kwenda kucheza dansi juu ya chakula cha ng'ombe wa mtu.

Maana wengi mnaniuliza, mbona majani mengi hivyo na ng'ombe hawaonekani? Ng'ombe wako juu. Kiangazi wanapandishwa kwenye malisho ya mlimani, na wachungaji wanakaa nao huko huko. Haya ya bondeni yanaachwa yakue, yanakatwa, yanaanikwa, yanafungwa marobota, yanaingizwa ghalani. Theluji ikianguka hapa inakaa miezi, na muda wote huo ng'ombe wako zizini wanakula kilichokatwa sasa. Kijiji hiki kipo mita 1,534, na kwetu hicho ni kimo cha mgomba na kahawa. Hapa ni kimo cha kuweka akiba ya majani. Maziwa ya ng'ombe hawa ndiyo yanatengenezwa jibini la fontina. Kwa hiyo mkija na marafiki zenu, piteni njiani. Picha mtapata, na mzee hatatafuna hewa.

Twende.

Kutoka kijijini mpaka kitongoji cha Valnontey ni mwendo mwepesi kando ya mto. Mkiwa na mtoto au mama mkwe, msije huku, nendeni upande wa Lillaz mkaone maporomoko ya maji. Ni kama saa moja kwa miguu kutoka Cogne, njia karibu tambarare, na maji yanashuka kwa hatua hatua kwenye mwamba. Mama mkwe atapiga picha, atakusifia. Mimi leo naenda kibanda cha wapandaji kinachoitwa Vittorio Sella, mita 2,584.

Sogeeni muone kibao hiki. Cha njano, kimeandikwa jina la mahali, namba ya njia, na saa. Hakisemi kilomita. Mlimani huku kilomita haina maana, wanakupimia kwa muda. Hiki kinasema saa mbili na nusu. Saa mbili na nusu za nani, hakisemi. Za kwangu zilikuwa tatu na dakika arobaini, na bibi mmoja wa miaka sabini hivi, fimbo mbili, soksi zimevutwa mpaka magotini, alinipita mara ya kwanza akipanda na mara ya pili akishuka.

Kila aliyenipita alinisalimia. Huyu Buongiorno, yule Bonjour, maana mkoa huu una lugha mbili. Torino naweza kupanda lifti na jirani yangu miaka mitatu asifungue mdomo. Mpeleke jirani huyo huyo mlimani, anakusalimia kama mmekua pamoja. Sijui ni hewa.

Hapa nimekaa kwenye jiwe, msiseme nimechoka. Nataka niwaonyeshe begi langu. Maji lita moja na nusu, koti la mvua, sweta, mkate, machungwa mawili, chaja. Nililipima kwa mizani ya yule bibi ninayemtunza, kilo sita. Wa Moshi mnajua kwa nini nimepima. Baba yangu alikuwa mgumu. Kwa wasio wa kwetu, wagumu ni wapagazi wa Kilimanjaro, wale wanaobeba hema, mtungi wa gesi, mayai na kiti cha mgeni, na kesho yake wanatangulia ili mgeni akute chai. Juzi nilimpigia nikamwambia baba, Jumapili napanda mlima. Akauliza, "Mzigo wa nani?" Nikamwambia wangu. Akanyamaza kidogo. Akauliza tena, "Na anayekulipa nani?" Baba, hakuna, naenda kutembea tu. Akasema haya, mpe simu mama yako nizungumze naye. Na mama yangu yuko hapo hapo jikoni kwake!

Huku hakuna lango la kulipia wala hulazimiki kuchukua mwongozaji kwenye njia kama hii. Unaamka, unaingia mlimani. Lakini uhuru huo unakuja na jukumu lake. Simu inapoteza mtandao ukikata kona mbili, kwa hiyo mwambie mtu unakokwenda. Namba ya dharura ni 112. Ondoka asubuhi, kwa sababu kiangazi radi inapenda kuja mchana. Na angalieni herufi za ugumu wa njia: T ni ya mtalii wa kawaida, E ni ya mtembezi, EE mwachieni mzoefu. Mwaka jana nilikuja na raba za mazoezi. Mvua ikanikuta, nikashuka kipande kizima kwa makalio. Video hiyo sikuipakia na sitaipakia.

Shiiii. Tazameni pale juu ya mwamba. Wale wawili. Siyo mbuzi wa mtu, ni stambecco, mbuzi-mwitu wa milima hii. Oneni pembe, zimepinda nyuma kama panga la kukatia majani, na zina vifundo. Hata hawatukimbii. Mmoja ndiyo kwanza anajikuna mgongo kwa ncha ya pembe.

Habari ya hawa inachekesha. Walikuwa wamewindwa karibu waishe kwenye milima yote ya Alpi, wakabaki huku. Mwaka 1856 mfalme Vittorio Emanuele II akalifanya eneo hili kuwa la kuwinda yeye. Yaani aliwalinda ili awapige mwenyewe. Akaweka walinzi, akatengeneza njia pana za farasi wake, na ndiyo maana njia hii ninayopanda inazunguka taratibu hivi, haipandi kichwa kichwa. Mjukuu wake akaikabidhi ardhi hiyo kwa serikali, na mwaka 1922 ikawa hifadhi ya taifa ya kwanza ya Italia. Stambecco wote mnaowaona leo Alpi, iwe Uswisi au Austria, asili yao ni hawa. Wameokolewa na tamaa ya mtu mmoja mwenye bunduki. Ukiona hivyo unakosa hata la kusema.

Huyo anayepiga mluzi ni marmotta, mnene kama pimbi aliyeshiba. Anawaambia wenzake kuna mtu kaja.

Nimefika. Mita 2,584, na mijitu imelala kwenye jua kama imeshinda vita. Nikawaambia wawili watatu hapa kwamba kwetu Mandara, kituo cha kwanza kabisa cha njia ya Marangu, ni mita 2,720. Hatujafika hata Mandara! Wakasema kumbe unatoka Kilimanjaro, basi wewe kwako hii ni rahisi. Nilikuwa napumua kama pampu ya baiskeli, nikatikisa kichwa ndiyo.

Chakula ni polenta. Ndiyo, ugali wa mahindi ya njano, wamekoroga na fontina na siagi mpaka unavutika. Msinitukane, mtamu. Ila ni mlaini mno, haufinyangiki tongeni. Bibi angesema urudisheni jikoni, haujaiva.

Na Wakenya watani zangu, hili lenu. Mwaka 1899 Mwingereza Mackinder alipofika Batian, kilele cha Mlima Kenya, waliompandisha walikuwa waongozaji wawili, César Ollier na Joseph Brocherel, watu wa Courmayeur, mji wa mkoa huu huu. Mwaka 1906 watu wa Courmayeur wakarudi tena Afrika na Duke wa Abruzzi, mtu wa ukoo wa kifalme wa Italia, wakapanda Ruwenzori, milima ya mpakani mwa Uganda na Kongo. Kile kilele cha Margherita jina lake ni la malkia wa Italia. Kwa hiyo mimi kuja kutembea huku nalipiza ziara tu.

Sawa, nimeshuka. Magoti yanaongea Kichaga. Ni saa kumi, wingu limekaa vibaya upande ule, na angalieni, Sant'Orso wamekata! Bonde zima linanukia. Na yule mzee wangu yupo na mkewe, wanakimbizana na mvua, trekta limeacha kipande cha pembeni kwenye mteremko wanakikusanya kwa mikono.

Nimezima kamera kidogo hapo, mtanisamehe. Nimeweka begi chini, nimechukua kanga yangu, nikayakusanya majani, nikafunga, nikajitwika kichwani mpaka kwenye tela lao. Mara nne. Mama wa watu alisimama na reki mkononi, akasahau mvua. Mzee akaniuliza nimejifunzia wapi. Nikamwambia nyumbani, Kilimanjaro.

Akaniangalia. "Kilimanjaro? Kwani kuna ng'ombe?"

Basi langu ni saa kumi na moja. Ngoja nikimbie.