Zugspitze: Kupanda Mlima kwa Kuyafuata Maji

Mabibi na mabwana, mlima Zugspitze, ulioko mpakani mwa Ujerumani na Austria, una kimo cha mita 2,962 na ndio mrefu kuliko yote ya Ujerumani, na kwa sababu hiyo husifiwa zaidi kwa urefu wake. Kwangu mimi urefu huo haufumbui mengi. Anayetaka kuzielewa njia zake na aulize kwanza maji yanapita wapi.

Mlima huu ni wa mawe ya chokaa, yaliyojengeka katika bahari ya joto yenye kina kifupi, zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita, kutokana na mabaki ya mwani, sponji na matumbawe. Aliyewahi kuingia katika mapango ya Amboni kule Tanga anaijua tabia ya jiwe hili: maji ya mvua, yenye asidi kidogo, hulila polepole, na nyufa zikapanuka hadi kuwa mashimo na mifereji ya chini kwa chini.

Njia inayolidhihirisha jambo hili vizuri zaidi ni ile ndefu ya bonde la Reintal, ambayo huanzia mji wa Garmisch-Partenkirchen na kwenda zaidi ya kilomita 20. Hupita kwanza katika korongo la mto Partnach, ambako njia imechongwa ubavuni mwa mwamba na mpita njia hulowa matone hata siku ya jua kali. Kisha mto huandamana naye kwa saa kadhaa hadi nyumba ya wapandaji ya Reintalanger, iliyoko mita 1,369. Juu kidogo ya hapo chemchemi hububujika kutoka mwambani, nayo ndiyo chanzo cha Partnach. Ukiipita nyumba ya Knorr, mita 2,051, unaingia uwanda wa Zugspitzplatt, ambako theluji huyeyuka na mvua hunyesha, lakini ardhi ni kavu, kwa kuwa maji hunywewa na mwamba na kwenda kuibukia kwenye chemchemi ile uliyoiacha bondeni. Asiondoke mtu Knorr na chupa tupu.

Luteni Josef Naus, mpima ramani wa jeshi la Bavaria, alipitia bonde hilihili alipofika kileleni tarehe 27 Agosti 1820, akiongozwa na mwenyeji, Johann Georg Tauschl.

Njia ya Höllental ni fupi, lakini si ya kila mtu. Baada ya korongo lake mna ngazi za chuma, mna vyuma vilivyopigiliwa kwenye ukuta wa mwamba ili kukanyagia, halafu mna barafuto, yaani barafu kubwa inayojongea polepole mlimani, na mwisho kamba za chuma hadi juu. Pagumu zaidi, kwa maoni yangu, ni pale barafu inapokutana na mwamba, kwa maana kadiri majira ya joto yanavyosonga ndivyo pengo la katikati linavyopanuka. Kofia ngumu, mkanda wa usalama na meno ya chuma ya kufunga viatuni havina mjadala.

Barafu yenyewe inakwisha. Mwaka 2022, Akademia ya Sayansi ya Bavaria ilitangaza kwamba Schneeferner ya Kusini, iliyokuwa kwenye uwanda ule wa juu, haistahili tena kuitwa barafuto. Palipolala barafu pamebaki mawe makavu, na mvua inayoyaangukia hutoweka papo hapo.