Nondo wa Manyoya: Picha ya Simu Haitoshi

Mabibi na mabwana, habari za jioni. Wengi wenu mmeshamwona ukutani karibu na taa mkadhani ni mbu mkubwa, au kipande cha nyasi kavu. Ni nondo. Akitua hunyoosha mabawa membamba kushoto na kulia, mwili ukabaki katikati, akafanana na herufi T. Familia yake, Pterophoridae, ina spishi zaidi ya 1,000.

Kuitambua familia si kazi. Kwa kawaida bawa la mbele limepasuka mara moja likawa na ncha mbili, la nyuma lina tatu, zote zimezungukwa na nywele. Ukikuta sita kwa kila bawa, huyo ni wa Alucitidae, ukoo mwingine kabisa. Shughuli iko kwenye spishi: wengi ni wadogo, wa rangi ya kahawia, na magamba hupukutika ukiwagusa tu.

Mchukueni Lantanophaga pusillidactyla. Mtaalamu wa wadudu Francis Walker alimpa jina mwaka 1864, kwa vielelezo vya Jamaika. Mwaka 1902 alipelekwa Hawaii kutoka Meksiko ili viwavi wake wale maua ya lantana, kichaka ambacho kilikuwa kimevamia malisho. Mkubwa wake, mabawa yakitandazwa, hafiki sentimita mbili. Mkiniletea picha yake nitasema “huenda ndiye”. Nikiongeza neno nitakuwa nabahatisha, na wanaobahatisha wametosha.

Basi tunafanyaje? Tunalitenga tumbo la nondo aliyekauka, tunalilowesha kwenye potasi kali (hidroksidi ya potasiamu) ya asilimia 10, iliyopashwa joto kidogo. Nyama inayeyuka, sehemu ngumu za uzazi zinabaki. Tunazisafisha kwa brashi, tunazipanga juu ya kioo, kisha hadubini. Ndiyo, tunawatambua kwa sehemu za siri, chekeni tu! Kwa dume tunatazama vibanio anavyomshikia jike; katika jamii nyingi za nondo hawa cha kushoto hakilingani na cha kulia, na umbo lake hutofautiana spishi kwa spishi. Kioo na nondo vipewe namba ileile, la sivyo kazi yote ni bure.

Mama pale nyuma ameuliza asiye na hadubini afanye nini. Mama, chuma vichala vya maua ya lantana vyenye viwavi, viweke kwenye kopo lililofunikwa kitambaa chepesi, ubadilishe maua yakinyauka. Nondo akitoka, andika mahali, tarehe na mmea aliokula. Kielelezo chenye habari ya mmea nakipokea kwa mikono miwili, hata kama bawa limekatika.