Mti Uliomo Ndani ya Jina la Nairobi

Hamjambo nyote. Walimu wenzangu, wazazi, na nyinyi wanafunzi mliobanana hapo mbele, ahsanteni kwa kuja hapa maktaba ya Kaloleni licha ya mvua hii.

Ubaoni nimebandika kadi saba: N, A, I, R, O, B, I. Wamaasai walipaita hapa mahali pa maji baridi, na jina likatubakia. Sasa usahauni mji kidogo, mzitazame herufi peke yake. Je, liko neno la Kiingereza linalozitumia zote saba, bila kubakisha wala kuongeza?

Liko. ROBINIA. Ni mti wa asili ya Amerika Kaskazini, wa jamii moja ya kunde na migunga yetu. Maua yake ya aina inayojulikana zaidi ni meupe, yananukia vizuri. Ulipewa jina la Jean Robin, mtunza bustani wa wafalme wa Ufaransa. Nimeishi Nairobi miaka mingi bila kuuona mti huo, na usiku nilioutambua nilikosa usingizi kwa furaha.

Ukizipangapanga herufi kwa kubahatisha, utachoka mapema. Herufi saba zisizofanana zinapangika kwa njia 5,040. Hizi za Nairobi, kwa kuwa I imejirudia, ni njia 2,520. Nani ana siku ya kupoteza hivyo?

Iko mbinu ninayoipenda kuliko zote: kila neno lipange herufi zake kwa mfuatano wa abjadi. TEACHER inakuwa ACEEHRT. CHEATER nayo, ACEEHRT. HECTARE vilevile. Mwalimu, mdanganyifu na hekta ya shamba wanapokea barua kwenye sanduku moja la posta! Na programu za kompyuta hufanya kazi hiyohiyo. Zinapitia kamusi nzima mara moja, zinapanga herufi za kila neno, zinaliweka kwenye sanduku lake. Ukija na herufi zako zimevurugika, programu inazipanga, inapata namba ya sanduku, inakwenda moja kwa moja kufungua. Haihitaji kujaribu zile njia 5,040 hata kidogo.

Swali lingine ni la neno lenye herufi unazotaka pamoja na nyingine zozote. Hapo sanduku moja halitoshi. Unachukua neno, unafuta ndani yake herufi zako moja moja, na zote zikipatikana neno limefaulu. Ukitaka A mbili, lazima zipatikane A mbili. Watoto wengi hujikwaa hapo.

Lakini nilichokuja kusema hasa kinatuhusu sisi tunaowaza kwa Kiswahili. Mwezi uliopita msichana wa kidato cha pili alikaa karibu nami, na kadi tulizokata kwenye katoni ya unga. Herufi zake zilikuwa A, E, I, N, R, S na T. Akaweka TA, akaweka RI, akaweka NE. Akabaki ameshika S mkononi, anaigeuzageuza. Akaniambia, "Mwalimu, hii S imekosa irabu yake."

Sikumcheka, maana alisema kweli. Kiswahili kimemfundisha kwamba konsonanti hutembea na irabu, na neno hufungwa kwa irabu. Tena sisi wingi na nyakati tunaviweka mbele: mtoto, watoto, anasoma, tulisoma. Najua nyuma nako tunajenga, someka, somesha, lakini jicho letu limezoea kuanzia mlangoni. Mwingereza hufanya mengi uani. S ya wingi, ED, ING, ER, EST, zote ziko nyuma.

Basi nikamwomba aipeleke S mwisho kabisa, na hizo sita azichezee. Akahangaika, akapata RETINA, na S ikakaa: RETINAS. Kisha nikamwambia atenge ER pembeni. Zikabaki A, I, N, S, T. Akanyamaza. Ghafla akaandika STAIN, akairudisha ER: STAINER. Baada ya hapo alipata NASTIER bila msaada wangu, na RETAINS akaipata akiwa tayari amevaa begi. Simu ingempa orodha yote kwa kupepesa jicho, nami sikatazi simu. Lakini maneno yale manne anayo hadi leo, nilimuuliza jana.

Alfred Butts, msanifu majengo wa Marekani aliyebuni Scrabble, mchezo wa kuunda maneno kwa vibao vya herufi zenye alama, miaka ya 1930, alihesabu herufi kwenye magazeti ili ajue aweke ngapi za kila aina. Seti ya Kiingereza ina E 12, na S ni nne tu, kwa sababu alijua S ikiwa nyingi kazi itakuwa rahisi mno. Mtoto wetu amezoea A kila mahali. Huku lazima ajifunze kuitafuta E.

Na Q isiwatishe. Alama zake ni 10, na wengi wanaitupa wakikosa U. Lakini kamusi za Kiingereza zina QADI, QIBLA, FAQIR, WAQF. Kadhi, kibla, fakiri, wakfu! Maneno hayo tumeyapata sote kutoka Kiarabu, na mtoto wa Eastleigh au Pumwani anayajua tangu chekechea. Ni ya kwake. Amwambie mwenzake bila woga.

Sasa chukueni karatasi, wazazi pia. Herufi ni E, I, L, N, S, T. Mtumie zote sita kila mara. Maneno yamo matano kwa uchache, na mojawapo ndilo ninalowaomba mfanye hadi mtu wa kwanza anyooshe mkono.