Ngome Ilikuwa Jela: Mhadhara juu ya "Used to"

Mhadhara huu ulitolewa Lamu, mbele ya waongoza watalii, manahodha na wanafunzi wa sekondari.

Assalamu alaykum, wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliokuja na madaftari. Nawaona waliokosa viti wamekaa ngazini. Niwieni radhi, sitawaweka sana.

Leo nimekuja na maneno mawili tu ya Kiingereza: "used to". Nimefundisha lugha hii miaka mingi, na katika maneno madogo madogo yake sijaona yanayowakosesha watu wa mji huu riziki kama haya mawili. Nitaanza na lililonipata mimi.

Kabla ya kuwa mwalimu nilikuwa baharia kwenye mashua ya mjomba wangu. Asubuhi moja ya kaskazi nimesimama gatini, wakaja mgeni na mkewe, wakaniuliza kama twapeleka watu Manda Toto. Nikawajibu bila kusita: "Yes, we used to go to Manda Toto." Yule bwana akanishukuru kwa adabu, akamshika mkewe mkono, wakaenda wakapanda mashua ya pili. Mjomba akaniuliza, "Umewaambia nini?" Nikamwambia, nimewaambia sisi huenda. Nami niliamini hivyo kwa muda mrefu, mpaka nilipokuwa chuoni ndipo nikajua nilichosema siku ile. Nilisema: zamani tulikuwa tukienda. Mgeni akaelewa kwamba siku hizi hatuendi. Hakuwa na kosa lolote.

Kosa hili lina mzizi wake, na mzizi ni wetu wenyewe. Kiswahili kina kiambishi kimoja kizuri mno: "hu-". Mimi huvua, wewe huvua, wao huvua. Hakijali nafsi. Kinabeba mazoea: jambo la kila siku, la jana na la leo na la kesho inshallah. Sasa mwanafunzi anapofika kwenye Kiingereza huulizia, "hu-" yao iko wapi? Anasikia "used to", anaambiwa ni ya mazoea, anafurahi kwamba ameipata. Sivyo. "Used to" ni ya mazoea yaliyokwisha. Kwa Kiswahili ni "nilikuwa nikivua", "walikuwa wakija", na anayesikiliza huongeza moyoni mwake: lakini sasa sivyo.

Basi "hu-" yetu inakwenda wapi kwa Kiingereza? Inakwenda kwenye kitenzi kitupu cha wakati uliopo. "Sisi huenda Manda Toto" ni "We go to Manda Toto." Basi. Ukitaka kuitia nguvu, weka "usually" au "every day". Lakini sentensi tupu inatosha, na ndiyo inayotushinda, kwa sababu twaiona nyepesi, twadhani imepungukiwa na kitu. Haijapungukiwa. Nakuombeni mwandike hili hata kama hamtaandika lingine: "hu-" si "used to".

Na msijaribu kuondoa "d" mkasema "I use to go" mkitaraji ndiyo "huenda". Kiingereza cha kale kilikuwa na namna hiyo. Kitenzi "use", kilichoingia kutoka Kifaransa, kilibeba pia maana ya kuwa na desturi ya jambo, na watu waliweza kukitumia kwa wakati uliopo. Tawi hilo likakauka. Limebaki la wakati uliopita peke yake.

Sasa geukeni mwitazame ngome hii. Ilijengwa kati ya 1813 na 1821. Waongoza watalii, nyinyi mwaieleza kila siku, na hapa pana mtihani wa kweli. "The fort used to be a prison." Sahihi kabisa: ilikuwa jela, sasa siyo. Lakini nasikia wengine wakisema "The fort used to be a prison for seventy-four years." Hapo pamevunjika. "Used to" haipendi kuhesabiwa. Ukishataja muda wenyewe, miaka kadhaa au tangu lini mpaka lini, rudi kwenye wakati uliopita wa kawaida: "The fort was a prison from 1910 to 1984." Ndivyo pia kwa mtu. Ukisema "I used to live in Malindi", vyema. Ukiongeza "for four years", iache "used to", sema "I lived in Malindi for four years."

Wako wanaopenda kutumia "would" mahali pa "used to", na yafaa kwa vitendo: babu yangu "would" kupakia boriti za mikoko kila msimu. Kwa hali haifai. Huwezi kusema "The fort would be a prison" ukakusudia kwamba ilikuwa jela. Mwenye shaka abaki na "used to", haitamwangusha.

Tuje kwenye sikio, maana wengi wenu mmejifunza Kiingereza gatini na wala si darasani, na hilo si aibu hata kidogo. Katika "I used a rope", yaani nilitumia kamba, sauti ni ya "z", kama zabibu. Katika "I used to sail" sauti ni ya "s", kama samaki, na ile "d" humezwa na "t" inayofuata. Sikio linapata "yuustu". Ndiyo maana mkono unaandika "use to". Andikeni "d" hata kama hamuisikii. Inaondoka pale tu "did" inapoingia, kwa kuwa "did" imekwisha kuubeba wakati uliopita: "Did you use to fish here?" Na kwa kukanusha: "There didn't use to be motorbikes in Lamu." Wazee mwaijua sentensi hii ilivyo kweli. Zamani mji huu ulikuwa wa punda na miguu.

Kuna ndugu yake, na huyu ndiye mwenye hatari. "I am used to." Ikitanguliwa na "am", "is" au "are", maana inageuka kabisa, inakuwa "nimezoea". Kijana mmoja niliyemfundisha alikwenda kuomba kazi kwenye hoteli. Akaulizwa juu ya Kiingereza chake. Alitaka kusema amezoea kuzungumza na wageni, akasema "I used to speak English with guests." Ameangusha neno moja tu, "am", na kitenzi hakukivika "-ing". Waliomsikiliza walisikia: zamani nilikuwa nikizungumza. Kazi hakuipata. Siwezi kusema ni sentensi ile peke yake iliyomnyima, lakini alirudi kwangu akilia, na tangu siku ile silifundishi somo hili kwa haraka.

Alitakiwa kusema: "I am used to speaking English with guests." Kwa nini "speaking"? Kwa sababu "to" hii si ile ya mbele ya kitenzi. Ni "to" inayotaka jina. Mtajaribu hivi: wekeni jina baada yake muone kama sentensi inasimama. "I am used to the wind", nimeuzoea upepo. Imesimama. Basi kitenzi kikitaka kukaa mahali pale pa "wind", lazima kivae "-ing": "I am used to sailing at night." Nahodha akisema "I used to sail at night", amestaafu safari za usiku. Akisema "I am used to sailing at night", mkabidhi roho yako.

Nyingine mtaikuta imeandikwa, "This rope is used to tie the boat", kamba hii hutumika kufungia mashua. Hiyo ni kutumia kwa kawaida, na inatamkwa kwa "z".

Naam, bi mkubwa, nimekuona umeinua mkono. Anasema ana vyumba vya kukodisha, na mgeni wake humlalamikia kwamba adhana ya alfajiri yamwamsha. Ataka kumwambia, "Utazoea." Swali zuri, kwa sababu kuzoea ni safari, na safari hiyo Kiingereza huisema kwa "get". Mwambie: "You will get used to it." Wiki ya pili ukimwona amepungua manung'uniko, muulize: "Are you getting used to it?" Waanza kuzoea? Akiwa bado, atakujibu "I'm not used to it yet." Na siku utakayomkuta ameamka mwenyewe kabla ya muadhini, amekaa darini na chai yake, atakwambia "I'm used to it now."